Jino kwenye Nyasi za Dancille

Katika ua wa marehemu Kanyamibwa, kule Bihambwe, ilibaki nyumba moja tu ya nyasi, na aliyelala humo ni binti yake, Dancille Mukashema. Alipofiwa na mume alirudi kwenye kilima cha baba yake, akalima maharagwe, akakaa. Mdogo wake, Jean-de-Dieu, aliyepata fedha kwa kubeba madini ya koltani kwenye machimbo ya Rubaya, akajenga nyumba ya mabati uani humo humo. Mkewe, Astrid, hakupenda kuiona ile ya nyasi kila anapofungua mlango. Aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba ni kibanda cha mbuzi, na maharagwe yakishavunwa kitabomolewa. Wakacheka. Dancille alikuwa nyuma yao na ndoo ya maji. Hakusahau hata neno moja.

Kisha Shekinah, binti wa Astrid, aling'oka jino la kwanza.

Katika ukoo ule mtoto hulirusha jino juu ya paa na kuomba jipya. Lazima likae huko. Likirudi chini, jipya litaota upande. Na paa lililopokea jino haliguswi mpaka jipya litokeze. Marehemu Kanyamibwa hakuwa na mzaha na jambo hilo.

Juu ya mabati jino liliteleza, likaanguka matopeni. Shekinah akarusha tena, likarudi tena. Mtoto akakataa kula, akashinda amefunika mdomo kwa kiganja.

Astrid akamleta kwa Dancille. Alianzia mbali, akisifu maharagwe yaliyokuwa bado shambani. Dancille aliendelea kuchambua mboga, hakumpa hata kiti.

"Dada, mutoto aje atupe jino huku kwako," Astrid akasema mwishowe.

"Kwangu wapi?"

"Ku nyumba yako."

"Nyumba? Mi niko na kibanda ya mbuzi tu. Uliza bale bamama ya kwaya."

Astrid akainama. Dancille alimwacha ainame vya kutosha, kisha akamtuma awaite mumewe na wale wanakwaya, aombe mbele yao, na neno nyumba lisikike. Astrid akaomba. Sauti ilikuwa ndogo, akaambiwa arudie.

Shekinah akarusha. Jino likazama kwenye nyasi.

Jean-de-Dieu, ambaye hakuthubutu kukiuka desturi ya baba yake, alisema basi watangoja jino liote ndipo wabomoe.

"Iko na ingine kumi na tisa mu kinywa," Dancille akajibu, macho yakiwa kwa Astrid. "Na mudogo wake Élie hajaanza."

Maharagwe yamevunwa, nyumba ipo. Kila jioni, Astrid akiwa mlangoni pake anaona, Dancille humwita Shekinah, humchagulia hindi la kuchoma lililo gumu kuliko yote, na kumwambia alitafune kwa meno ya mbele.