Ua la Mbuni na Bakuli la Mtori

Juzi nilipanda kwenda nyumbani, mlimani juu ya mji wa Moshi, nikakuta mibuni michache ambayo baba hakuing'oa imemwaga maua. Harufu ile tamu ikanikumbusha ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Mchana mmoja, nikiwa mdogo, nilimlilia bibi kwamba kahawa imekufa, kwa sababu maua yote yalikuwa chini.

“Haijafa,” alisema. “Ua likimaliza kazi yake linaanguka. Buni inabaki pale pale.”

Alikuwa anakoroga mtori wa mzazi, ule anaopewa aliyetoka kujifungua, maana mama alikuwa anarudi kutoka kujifungua hospitali. Mama akaingia mikono mitupu, akakaa kitandani, akalia. Bibi naye akalia, kisha akampakulia mtori vilevile. Nilipoona bakuli nikajua mtoto yupo. Nani hupewa mtori wa mzazi bila mtoto?

“Usilie, mama,” nikamwambia. “Lililoanguka ni ua tu.”

“Mengine hayaachi kitu, mwanangu.”

Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Nikadhani amejimwagia mtori, ingawa bakuli lilikuwa bado limejaa. Niliponyonyesha wa kwangu ndipo nikajua yale yalikuwa maziwa.