Malkia wa Chumba cha Juu

Fundi cherehani alianza kushangaa uwanja wa ndege, akaendelea kushangaa mpaka shingo ikamuuma. Mji wenyewe, huko ng'ambo alikokuja kumtembelea shoga yake, ulikuwa mkongwe kupita kiasi: mawe chini, mawe ukutani, na vichochoro ambavyo wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Na watu walipanga foleni, wakalipa kiingilio, ili waone kitanda alichofia mtu!

"Shoga, hiki kwetu si tungeshakipasua kuni?"

"Nyamaza wewe, usinifukuzishe kazi," shoga yake alicheka.

Shoga huyo alikuwa mwongoza watalii katika kasri la mji, na kazi yake ilikuwa kupokea makundi yanayotoka kwao. Walikuwa chanda na pete tangu walipojifunza ushonaji kwa mama mmoja mkali, ingawa huyu shoga Mungu hakumpa mkono wa sindano, alimpa mdomo. Mbali na baba yake fundi, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba fundi, kabla hajaolewa, alizaa mtoto wa kike akamzika hata hajamzoea. Mume hakujua. Watoto aliowazaa baadaye hawakujua. Baba yake fundi alisema jambo hilo lisitajwe tena, na halikutajwa. Ndoa yake na heshima yake vilikaa juu ya kimya hicho, na fundi alilala usingizi wake kwa sababu alimwamini shoga.

Asubuhi moja akafuatana na kundi. Walipanda ngazi hadi chumba cha juu chenye dirisha refu la vioo vya rangi. Shoga akashusha sauti, ile sauti yake ya kumtoa nyoka pangoni.

"Malkia alikaa hapa, kabla hajawa malkia. Alikuwa msichana tu. Alizaa kwa siri. Akawa anamshonea mwanawe kishati. Mkono mmoja akaumaliza. Aliposhika kitambaa cha mkono wa pili, mtoto alikuwa ameshakata roho. Huo wa pili hakuushona maisha yake yote."

Kishati cha mkono mmoja! Kilikuwa nyumbani kwake fundi, chini kabisa ya sanduku, wala hakuna malkia aliyewahi kukigusa. Akatazama huku na huku kama mwizi. Hawa walikuwa watu wa kwao. Yeyote kati yao angeweza kuwa mteja wake, au jirani wa shemeji yake. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi. Mzee mmoja alikuwa anapiga picha dirisha. Dirisha! Yeye alilia katika chumba cha uani kisicho hata na tundu la kupitisha paka.

Akamvuta shoga nyuma ya pazia.

"Umeniuza."

"Jina lako sijalitaja hata siku moja."

"Umeniuza! Unasema haya kila siku?"

"Kila kundi." Shoga alishika pindo la pazia. "Mwanzo nilikosa la kusema kwenye chumba hiki, likanitoka tu. Halafu nikashindwa kuacha. Mimi ndiye niliyemwosha yule mtoto, dada. Na mimi niliambiwa ninyamaze. Mimi nikamlilie wapi?"

Fundi alikuja na matusi mdomoni, matusi yakakosa pa kutokea. Miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kulikuwa na mfiwa mwingine. Hasira hata hivyo ilikuwa palepale.

"Samahani, mwongozaji," yule mwanamke wa machozi aliita. "Huyo mtoto aliitwa nani?"

Shoga akatoka nyuma ya pazia, akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mdomo ule! Jina hilo fundi hakumwambia hata yeye. Alilinong'ona mara moja tu, sikioni mwa mtoto.

"Hakuna aliyeliandika," shoga alisema taratibu.

Watu wakaguna kwa huruma, wakaanza kuelekea mlangoni, kwenye chumba kinachofuata.

"Ngojeni," fundi alisema.

Wakageuka wote. Akalitaja jina la binti yake mbele yao. Mzee wa picha, aliyekuwa mbali na mwenye sikio zito, akaomba arudie, naye akarudia.