Mguu wa Mume Wangu Katika Ghala la Pamba

Wabelgiji walipokuwa bado wanatutawala, mimi nilikuwa mwimbaji wa harusi pale Kasongo. Sikuchaguliwa na mtu. Sauti yangu ilisikika hata watu wakiwa wanakula, basi. Mume wangu, fundi cherehani, alinifuata na akodioni yake. Mdogo wake alipiga gitaa. Wa nne wetu alikuwa jirani Mwislamu, muuza mikate, aliyegonga chupa kwa msumari na kujiita mkubwa wa bendi. Hatukubishana naye, kwa kuwa mikate ilitoka kwake.

Ndipo akaja musiu mmoja, Mzungu, na kamioni yenye mashine ya kukamata sauti. Alipita mji kwa mji akitafuta nyimbo za zamani ambazo kila mtu anazijua, ili azitie kwenye diski za gramafoni. Alitusikia harusini, akatuita kesho yake kwenye ghala la pamba, maana magunia, alisema, yanameza mwangwi.

Mume wangu alivaa kama anayekwenda kuoa tena. Alitia viatu vyake vyeusi vya soli ngumu, alivyovinunua Kabambare na kurudi navyo kwa baiskeli, akishuka kwenye kila tope ili avibebe kichwani.

"Baba, diski haina macho," nilimwambia.

"Musiu iko na macho," akajibu.

Wimbo wa kwanza haukufika mbali. Musiu alivua vyombo vyake vya masikioni, akauliza nani anapasua kuni. Alikuwa mume wangu, na mguu wake wa kulia ukigonga sakafu.

"Kinanda ndiyo," musiu akaamuru kwa Kiswahili chake. "Mguu hapana."

Mume wangu akatii. Mguu ukatulia, na akodioni nayo ikatulia. Akavua viatu, kisigino kikaendelea kudunda simenti. Tukamwekea gunia la pamba chini ya mguu. Vumbi likaruka, shemeji akapiga chafya katikati ya ubeti, na muuza mikate akacheka mpaka chupa ikamponyoka.

"Mguu huu haukusoma shule," mume wangu akajitetea. "Hausikii amri."

Musiu alikuwa ameloa jasho. Akatuonyesha tuanze tena, akaiacha mashine ijizungukie yenyewe, akapiga magoti mbele ya mume wangu, akaukamata ule mguu kwa mikono miwili. Maishani mwangu sikuwa nimeona Mzungu amepiga magoti mbele ya mtu mweusi. Padri alipiga, lakini mbele ya Mungu.

Tulikuwa kwenye ule wimbo ambao mashangazi wa bibi arusi humtania bwana arusi. Una mahali mwimbaji anapotia maneno yake mwenyewe. Nilipofika hapo nikatia niliyoyaona, ila kwa Kibangubangu, lugha ya watu wa Kabambare, kwa usalama wangu: mguu wa bwana wangu umekuwa mkubwa, sasa una boi wake wa kizungu. Wanaume wakaitikia kwa sauti za watu wanaokabwa na kicheko. Wimbo ukafika mwisho.

"Mama anasema nini?" musiu akauliza, bado yuko chini.

"Anasifu muzungu," mume wangu akasema.

"Nzuri! Hii ya kweli," akafurahi. Akaihifadhi hiyo hiyo.

Kwa muda tuliogopa kwamba karani fulani angemtafsiria. Hakutokea. Diski zilipofika, Kabambare ndiko zilikopendwa zaidi, kwa sababu huko hawakuhitaji tafsiri.

Sisi tuliisikilizia dukani kwa muuza mikate, watu wamejaa mpaka barazani. Mama mkwe alikuja kutoka Lusangi, hajawahi kuona gramafoni. Wimbo ulipoita, akaitikia vizuri kabisa. Kisha akataka kutia ubeti wake, kama ilivyo desturi, lakini diski haikumngoja.

"Huyu mwanamuke wa ndani hana adabu," akasema. "Anakata watu maneno."

"Ni mimi, mama."

Akanitazama, akaitazama gramafoni. "Wewe unangojaga wakubwa."

Akaagiza sindano irudishwe mwanzo. Muuza mikate alipoinama kuiweka, mama mkwe akawahi kuanza kuimba, kabla yule wa ndani hajafungua mdomo.