Habari Nzuri, Ila

Philomena Margwe siku hizi ni bibi wa watu huko Bashay, na akikosa mtu wa kubishana naye hubishana na mbuzi. Ukimkuta hivyo huwezi kuamini kwamba ndiye aliyekuwa akipandishwa kwenye trela la trekta na kuzungushwa Katesh nzima huku akipigiwa vigelegele, kwa sababu hakuna mwanamke aliyemfikia katika kuupanda na kuushuka Mlima Hanang. Mimi naamini, maana mayai yake nilichemsha mimi.

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda chini ya mlima, na mimi nilikuwa mpishi wa bwalo katika shamba mojawapo. Philomena alikuja kutafuta kazi akapewa ya kushona magunia ghalani, pamoja na Angela Gidabuday, binti wa wafugaji wa pale pale tambarare. Kabla ya mashamba hayo baba yake Angela alichunga ng'ombe pale pale iliposimama ngano, na Angela hakuacha kulisema hilo kila aliposhika gunia. Wasichana hawa walibishana tangu asubuhi hadi jioni. Ubishi wao mkubwa ulikuwa maziwa ya mgando. Philomena alisema yameumbwa yaliwe na ugali, Angela akasema mtu anayechafua maziwa kwa ugali anyang'anywe ng'ombe. Walibishana wakishona, na kazi ikiisha waliukimbilia mlima, wakapanda wakibishana na kushuka wakibishana. Hakuna aliyewatuma, walijifurahisha tu.

Ndipo Gervasi alipowaona. Gervasi alikuwa dereva wa kombaini na mwalimu wa michezo wa shamba, mtu mwema mwenye kichwa kigumu. Aliwahi kupelekwa kozi ya riadha, akarudi na saa ya kubonyeza shingoni, na tangu hapo hakuambilika. Aliwaingiza wote wawili kwenye mbio za mlima za mashamba. Philomena akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena, na hapo wakubwa wakaamua kumtunza.

Ee Mungu wangu, walivyomtunza! Walimtoa ghalani ili asichoke. Walimpa chumba cha peke yake karibu na nyumba za wakubwa, chenye kitanda cha chuma na pazia la maua. Mimi niliagizwa nimpe mayai na maziwa, tena nimpelekee chumbani, asije akakaa kwenye benchi la bwalo kupigiwa kelele. Na Gervasi akapiga marufuku kukimbia na Angela, maana kozini aliambiwa maneno yanamaliza pumzi. Basi Philomena akawa anapanda peke yake. Gervasi alimsindikiza kwa baiskeli mpaka njia inapobaki ya mbuzi, kisha akamsubiri hapo.

Haukupita muda mayai yakaanza kurudi jikoni. Mimi sipendi chakula changu kirudi, kwa hiyo nikaenda mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Joakimu."

"Marahaba. Habari?"

"Nzuri."

Nikaondoka. Meneja akamuuliza, nzuri. Muuguzi wa zahanati akamuuliza, nzuri. Gervasi alimuuliza kila asubuhi huku anakanyaga baiskeli, na jibu likawa lile lile, ingawa ile saa ya shingoni ilionyesha anazidi kuchelewa. Sasa wewe unajua, nami najua, na mtoto yeyote wa huku kwetu anajua, kwamba habari ni nzuri kwanza. Nyumba imeungua, habari nzuri. Ng'ombe amekufa, habari nzuri. Ndiyo adabu. Habari yenyewe huja baadaye, ikitanguliwa na "ila". Lakini sisi sote tulikuwa watu wa shughuli nyingi, na hakuna aliyesimama kuisubiri.

Aliyeisubiri aliisubiri kwa bahati mbaya. Mashindano yakiwa yamekaribia, Gervasi aliuliza habari yake ya asubuhi, akajibiwa nzuri, akakanyaga pedali aende zake, cheni ikachomoka. Ikambidi achuchumae pale pale mbele ya bwalo, vidole vikajaa grisi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Philomena hakuondoka. Alisimama akiangalia ile cheni, kisha akasema:

"Ila nikifika kule juu kwenye ukungu, nalia."

Gervasi akaiacha cheni. "Mguu?"

"Mguu mzima."

"Kifua?"

"Kizima."

"Chakula cha huyu mama?"

Nikamtolea macho.

"Chakula kizuri, mwalimu. Ila hakuna wa kubishana naye. Chumbani kimya, njiani kimya, mlimani kimya. Nakimbia kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba. Nitakimbia mara hii kwa heshima yako, halafu narudi Bashay kwa mama. Mlima huu sitaupanda tena."

Moyo uliniuma. Binti aliyekuwa akichekesha ghala zima, tumemfungia kwenye pazia la maua tukasema tunamtunza! Gervasi akaanza, "Lakini kozini walisema..." nami nikamwambia kozi yake aikaange ale. Akanuna siku nzima. Kesho yake akaja na Angela, akawasimamisha wote wawili mbele yake.

"Mtakimbia pamoja," akasema, "ila kimya."

Kimya chenyewe hakikufika kona ya kwanza.

Siku ya mashindano Katesh ilijaa watu. Kule kileleni waliwekwa watu na kopo la rangi nyekundu ya trekta, wampake kila mkimbiaji mkononi, mtu asije akajificha kichakani na kushuka na ushindi. Mimi nilikuwa chini na sufuria langu la uji. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima, hatuoni kitu. Akatokea msichana wa shamba jirani, mkono mwekundu, akatupita, akashinda. Meneja wetu akakunja uso, na kila mtu akajua kwamba chumba cha pazia kimekwenda. Gervasi aliangalia saa yake kwa hasira, akaitia mfukoni.

Kisha, kabla hatujaona mtu, tukasikia sauti kwenye ukungu.

"Sasa ugali utaulaje mkavu?"

"Nani amesema mkavu? Nimesema ugali usiguse maziwa!"

Wakatokea, rangi imewajaa mpaka puani, maana huko juu walikuwa wamepakana. Philomena akawa wa pili, Angela wa tatu. Hakuna aliyesimama kwenye kamba ya kumalizia. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye sufuria langu, wakihema na kucheka.

Gervasi akailaza baiskeli, akaketi chini kwenye majani.

"Habari, Philomena?"

"Nzuri, mwalimu."

Akasubiri. Nami nikasubiri, upawa mkononi.

"Ila mimi..." Angela akaanza.

"Wewe hujaulizwa!" Philomena akamkatiza.

Akanywa uji wake, akaomba mwingine, akamgeukia Angela, wakaendelea na maziwa yao. Gervasi hakuinuka. Alikaa pale, mikono magotini, akiisubiri ile "ila" mpaka uji ukaisha sufuriani. Haikuja.