Tungule za Bi Mwanaisha

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha kilimo, Mkuu wa Kituo alikishika cheti changu cha diploma kwa ncha za vidole. "Maskati ulikuwa ukifanya nini, bwana? Kumwagilia maua?" Nikamjibu kwamba nilisimamia vitalu vya tungule, nyanya kama wasemavyo bara, na ada ya chuo nilijilipia mwenyewe. Sikuinamisha kichwa. Mpaka leo sijui kuinamisha.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa magonjwa ya mboga. Tulikuwa tukigawa mbegu ya tungule iliyosifiwa kuwa haishikwi na virusi. Bi Mwanaisha, wa kikundi cha wakulima kilichouzia hoteli za Kiwengwa, akaleta majani yaliyokunjamana, yenye mabaka ya manjano. Mkuu hakumkaribisha hata kiti.

"Umechanganya na mbegu zako za nyumbani. Kikundini utoke."

"Wallahi sikuchanganya! Nshalima tungule kabla hujazaliwa, mwanangu."

Nilimwamini. Mmea wenye kinga una mlinzi ndani ya seli. Huitambua protini moja ya kirusi, ile inayokipenyeza kutoka seli hadi seli. Akishaitambua, seli hujiua na kirusi hunaswa humo. Lakini protini hiyo ikibadilika kidogo tu, mlinzi haijui tena, na adui anapita. Mkuu, pamoja na digrii yake, hakutaka kulisikia hilo.

Basi nikafungua pakiti mpya ya mbegu ile mbele yake, nikaotesha miche kumi na miwili. Sita niliisugua kwa maji yaliyokamuliwa kwenye majani ya Bi Mwanaisha, sita kwa maji matupu. Baada ya wiki chache ile ya kwanza yote ilitoka mabaka, ya pili ikabaki safi. Nikaipanga juu ya meza yake.

"Na hii nayo kaichanganya Bi Mwanaisha?"

Mkuu akavuta karatasi. Akaandika Bi Mwanaisha arudishwe kikundini.

Ila ushahidi ule ule ulilihukumu shamba lake. Kirusi hakina dawa, nacho huhama kwa mikono na visu. Lazima ling'olewe lote, na msimu ujao pasipandwe tungule. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Akajifunga kanga kiunoni.

"Nitang'oa mimi. Asiseme mtu kuwa nimefukuzwa."

Tuling'oa pamoja, tungule ndiyo kwanza zinaiva.

Sasa nimestaafu. Wakubwa walinitaka nimwombe radhi Mkuu kwa kumwaibisha. Sikumwomba, wala sitamwomba. Radhi niliitaka kwa mtu mmoja tu, naye siku ile, kwenye mstari wa mwisho wa shamba, alijifuta jasho akaniuliza, "Haya, bwana diploma, msimu ujao nipande nini?"

Nikamwambia bamia.