Siku Niliyowaambia Wanaume Wasio na Kazi Wainue Mkono

Mpaka leo nikimwona mtu wa kanisa letu dukani pale mjini Carrollton, huku ughaibuni tunakoishi, nageuza toroli nipite njia nyingine, na aibu yenyewe nilijitafutia, ingawa hasira niliyobaki nayo sikujitafutia peke yangu.

Mchana nilikuwa natunza wazee, jioni nasoma uchumi, na wiki hiyo mwalimu alitupa kazi ya kulinganisha ukosefu wa ajira katika nchi za Ulaya, wanaume kwa wanawake. Jumapili mimi na mume wangu tukaalikwa chakula mji wa DeSoto, kwa mchungaji wetu, na mkewe akaniuliza kwa upole ninasoma nini siku hizi. Ningesema uchumi, basi, niendelee na pilau yangu. Lakini mimi (kichwa kimejaa chati, nani angenizuia?) nikaanza kueleza kwamba Uhispania na Ugiriki wanawake wanakosa kazi kuwapita wanaume, tena kwa mbali, ilhali Uingereza ni wanaume waliozidi kidogo.

Bwana mmoja, nitamwita Kibet ingawa silo jina lake, akasema hao wa Uhispania hawakosi kazi, wamekaa nyumbani tu kwa vile waume zao wanawalisha. Nikamwambia asiyetafuta kazi hahesabiwi kabisa, wanaohesabiwa ni wale wanaozunguka wakibisha milango. Akawageukia wanaume wenzake, akatabasamu.

"Dada, mwanamume wa kweli hakai nyumbani akalishwa na mke."

Huyu Kibet, jamani! Biashara yake ya magari ilikuwa imefungwa, na sote tulijua ni mkewe, nesi, anayepiga shifti mbili kulipa nyumba, na huyo mke alikuwa ameketi pale pale, macho kwenye sahani. Damu ikanichemka. Nikasimama (nilisimama kwa nini, hata sijui) nikasema kwa sauti ya darasani, "Basi mwanamume asiye na kazi humu ndani ainue mkono tumwone."

Kibet akaendelea kutafuna kuku. Mkono ulioinuka ulikuwa wa mume wangu.

Kampuni ya simu aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa imepunguza watu, yeye akiwemo, mwezi uliotangulia, na tulikubaliana asijue mtu mpaka apate kazi nyingine, nami kwa hasira zangu likanitoka kabisa akilini. Mume wangu Musyoka hajui kudanganya.

"Ni mimi," akasema. "Sina kazi."

Mchungaji akaona afadhali tuombe, kwa hiyo wakamweka mume wangu katikati, sahani bado mkononi, na aliyeomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu kuliko wote, kiganja juu ya kichwa cha Musyoka, ni Kibet, akimsihi Mungu amkumbuke ndugu yetu huyu anayelishwa na mkewe. Na mimi nikaitikia amina, ningefanyaje?

Garini Musyoka alisema neno moja tu mpaka nyumbani. "Ulinisahau."

Majuma machache baadaye Kibet akaja kwetu, kisirisiri, kumwomba Musyoka amsaidie kuandika maombi ya kazi. Wakakaa mezani kama ndugu, na mimi nikaambiwa nipike chai. Nikapika. Kibet akaonja, akasema sukari ni kidogo.

Tangu hapo Ulaya naiacha darasani, na nikiwa kwenye nyumba ya watu siulizi swali lolote ambalo mume wangu anaweza kulijibu.