Tundu nililoliziba kwenye bafu la kale, Goma

Wakuu, salamu kutoka Goma. Mimi ni fundi wa mabomba, huku tunasema plombier. Haya nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo mkinitukana nitakuwa nimestahili.

Waasi walipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikazima, robinet za maji zikakauka. Familia zilizokuwa kambini Kanyaruchinya zilikimbia tena, baadhi zikafikia kwa Mama Kavira, upande wa barabara ya Sake, karibu na ziwa.

Mama Kavira ni mjane. Kiwanjani kwake kuna bafu la umma la wakati wa Wabelgiji, lililojengewa wafanyakazi wa kahawa, na baba yake ndiye aliyekuwa mtunzaji. Akaniita.

"Papa, kuya uangalie kama maji inaweza kurudi. Batoto biko na upele."

Jamani, nilishangaa! Unashuka ngazi tisa za mawe ya volkano hadi kwenye birika la kuogea. Maji ya moto yanatoka yenyewe kwenye ufa wa mwamba. Ya baridi yanateremka kutoka tangi la mvua lililoko juu.

Katikati kuna jiwe bapa lenye meno, linalofungua na kufunga njia ya baridi. Ukilipandisha jino moja, maji yanapoa. Ukilishusha, yanachemka. Hakuna pampu, hakuna waya. Nilikaa nikicheza na lile jiwe, pandisha, shusha, mpaka Mama Kavira akanicheka.

Volkano ya mwisho ilikuja na matetemeko, na yalipasua mfereji wa baridi tu. Nikautengeneza siku moja.

Lakini kitu kimoja kilinikera. Chini ukutani kulikuwa na tundu ambalo bidon nzima ya maji inapita, na mfereji wake unateremka hadi ziwani. Maji yakifika magotini yanatokea pale. Nikasema, huyu aliyejenga alikuwa amelewa nini? Tundu la kupunguzia maji linawekwa juu, bwana! Tena kubwa lote hilo la nini?

Mama Kavira alikuwa misani. Sikumuuliza mutu. Nikaliziba kwa magunia na sima, yaani saruji, nikaacha bomba jembamba tu la kupitisha maji.

Kesho yake nikawaambia wamama walete watoto saa mbili. Mimi nikatangulia kushuka kupima joto.

Nikainama. Kifua kikabana, kizunguzungu kikanishika. Nikadhani ni njaa, maana siku zile wote tulikuwa na njaa.

"Papa, usiiname! Panda! Panda!"

Ni Mama Kavira. Akashuka ngazi mbilimbili, akanikamata kola ya shati, akanivuta hadi juu. Sijui nguvu alizitoa wapi yule mama.

Nilipopata pumzi, akafunga koroboi kwenye kamba akaishusha. Ilipofika katikati ya ngazi ikazimika. Na hapakuwa na upepo.

"Mazuku," akasema.

Goma kila mutu anaijua: hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, inakaa mabondeni na kuua mbuzi na watu. Mimi nilidhani ni mambo ya mashambani. Kumbe inatoka kwenye ufa uleule wa maji ya moto! Na kwa kuwa inateremka kama maji, wajenzi waliiachia njia. Ndiyo maana tundu likawa kubwa vile: maji yapite chini, mazuku ipite juu yake, yote ziwani.

Baba yake alikuwa akishusha taa kila asubuhi kabla ya mutu kuingia. Mama Kavira angeniambia, kama ningeuliza.

Tulilizibua kwa mtalimbo kutokea upande wa ziwa. Siku ya pili koroboi ilifika chini ikiwaka, tukaishusha mara tatu zaidi kwa woga wangu, ndipo watoto wakaoga. Kelele zao zilisikika hadi barabarani.

Wakuu, ukikuta tundu kwenye kazi ya watu wa zamani, uliza kwanza linapitisha nini. Nanyi mafundi wenzangu, kama mmewahi kukutana na ujenzi wa namna hii, nielezeni, bado nina maswali mengi.

Ila kabla hamjanicheka: ile hewa ilikuwa imenifika kiunoni nikiwa nimesimama. Watoto kumi na mmoja walikuwa juu wananisubiri niwaite, na mkubwa wao hanifiki hapo.